Chumba Kisichopigwa Hodi

Kama umeambiwa mtu wako alazwe kwenye chumba chenye giza, asiguswe ovyo wala asisemeshwe kwa sauti, haya niliyoandika ni yako. Sikuwaandikia madaktari. Wao wanayajua yao, nami sitayarudia kwa sababu mengi sikuyaelewa hata nilipoelezwa mara ya pili. Nimemwandikia mke, mzazi au rafiki aliyekaa karibu na mlango huo akijiuliza kama mgonjwa anajua kwamba yupo. Nitamjibu, lakini mwishoni, maana hata mimi jibu lenyewe nililipata nimechelewa.

Naitwa Shikuku. Kwetu ni Lurambi, si mbali na mji wa Kakamega. Nina shamba dogo la miwa, ng'ombe wa maziwa, mke anayeitwa Mmbone na watoto ambao wakati huo walikuwa shule za bweni. Mwisho wa wiki nilikuwa mpiga isukuti, zile ngoma ndefu za kubana kwapani zinazopigwa kwenye harusi na kwenye mazishi. Kikundi ni cha Baba. Alikianzisha kabla sijazaliwa, na mpaka leo akikohoa wote tunanyamaza tumsikilize.

Baba ni mtu wa sauti. Sijui kama aliwahi kunong'ona hata siku moja kabla ya haya. Akimsalimu jirani wa ng'ambo ya kijito, wanaitika watu wa vijiji viwili. Halafu ananusa ugoro. Huubeba ndani ya kikopo kidogo cha rangi ya viatu katika mfuko wa koti, na baada ya kuunusa hupiga chafya ambayo kuku wetu hawajaizoea hadi leo. Tangu utotoni nilijua amerudi nyumbani kwa ile harufu, kabla hata hajafungua mdomo, ingawa kwa Baba kati ya kufika na kusema hapana muda mrefu.

Mambo yalianza wakati wa kiangazi, mvua ndefu zikiwa bado. Tulikwenda kumsindikiza mzee mmoja kaburini, na njia ikapita katikati ya shamba la miwa lililotoka kukatwa. Kikundi chetu hucheza miguu mitupu. Kisiki cha muwa kikanichoma unyayoni, nikasikia kimeingia, nikakichomoa na kuendelea na ngoma. Hakuna mpiga isukuti anayeacha maiti njiani kwa ajili ya unyayo. Jioni Mmbone alinipaka majivu na mafuta ya taa, akafunga kitambaa. Aliniambia niende nikadungwe sindano, nikamwambia hiyo ni sindano ya wamama. Ndivyo nilivyoamini, na ndivyo wanaume wote niliowajua walivyoamini. Yeye alikuwa amedungwa katika kila mimba, nami nilikuwa nikimsubiri nje ya kliniki nimekaa juu ya baiskeli.

Kidonda kilijifunga upesi. Kilikauka, kikaacha kuuma, nikakisahau, na hapo ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo naomba ulishike jambo hili: ugonjwa ulikuja wakati kidonda kimepona. Jioni moja Mmbone aliweka mezani obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda. Nilimega tonge, nikalipeleka mdomoni, mdomo ukakataa. Ulifunguka kwa upana wa kidole, basi.

"Umeanza kununa?" Mmbone akauliza.

"Sijanuna. Taya ndio inakataa."

"Taya inakatalianga mtu chakula yake?"

Kesho yake nilikwenda duka la dawa nikauziwa dawa ya jino. Jino halikuwa linauma, lakini dawa nilimeza. Shingo ikafuata, ikawa ngumu, nikawa nageuka mwili mzima nikiitwa. Kisha uso. Sikujua kwamba uso wangu umebadilika mpaka Mmbone aliponiletea habari kwamba ndama wetu amekufa, nami nikawa namkenulia meno. Alinitazama, akaweka chini ndoo ya maziwa, akaniuliza kama kifo cha ndama kinanichekesha. Sikuwa nacheka. Ngozi ya uso ilikuwa imevutwa nyuma yenyewe na haikurudi.

Siku hiyo hiyo kifuniko cha sufuria kilianguka jikoni. Sauti ile iliniingia mgongoni, mgongo ukajikunja kwa nyuma, nikabaki nimesimamia visigino na kisogo sakafuni. Akili ilikuwa timamu kabisa. Watu hudhani mgonjwa huyu huwa hajijui, lakini mimi nilikuwa najijua kuliko siku zote, nikiangalia paa la nyumba yangu na kuhesabu misumari.

Rafiki yangu Mulama, ambaye hupiga ngoma ndogo katika kikundi chetu, alikuja na pikipiki. Nilikaa katikati nimekakamaa kama ubao, Mmbone nyuma akinishika. Hospitalini tuliwekwa kwenye benchi tungoje. Sina lawama, benchi lilikuwa limejaa na kila mtu alikuwa na lake. Ila ningependa ujue benchi lile lilivyokuwa kwa mtu kama mimi. Gurudumu la kitanda likilia, napinda. Simu ya mtu ikiita, napinda. Mtoto alikuwa akilia karibu nami, na mama yake, alipoona kila kilio kinanifanya nini, aliinuka akaenda kusimama naye nje juani. Sikumwona tena. Nilimshukuru moyoni kwa sababu mdomo haukuweza.

Daktari alipofika aliangalia uso wangu tu, akaanza kuuliza haraka.

"Alichomwa na kitu?"

"Kisiki cha muwa," akasema Mmbone. "Lakini kilipona."

"Amewahi kudungwa ya pepopunda?"

Mulama ndiye aliyejibu. "Daktari, hiyo si ni ya wamama wenye mimba?"

Mwanamke mjamzito aliyekaa kando yetu alitikisa kichwa. "Sasa ona," akasema. "Sisi tulidungwa, na nyinyi ndio mnaanguka."

Walikifungua kidonda changu upya. Ndani, chini ya ngozi nzuri iliyokwisha kupona, palikuwa na uzi wa muwa, mfupi, mweusi. Daktari aliuweka juu ya pamba akamwonyesha Mmbone. Nilimwona akiutazama kwa muda mrefu.

Aliyetuelezea ugonjwa wenyewe alikuwa muuguzi, Sista Kerubo, mwanamke mwembamba kutoka Kisii ambaye alikuwa na kipaji cha kusema jambo kwa sauti isiyozidi pumzi. Nasema alivyosema yeye, maana sijasikia maelezo bora.

"Huyu mdudu hajaingia ndani sana," alimwambia Mmbone. "Amekaa tu hapo kwa nyama iliyokufa, mahali hewa haifiki, anatema sumu. Sumu ndio inatembea. Mwili iko na askari wake, lakini hawajawahi kufundishwa kuishika hii sumu. Inawapita hivi hivi. Kwa hivyo tunampea askari wa kuazima. Hii dawa imetoka kwa damu ya watu ambao walidungwa, wenye askari wao wanaijua."

"Na ile sumu imeshaingia kwa mishipa?"

"Hiyo hata hao hawaifikii. Hiyo tunangoja iishe nguvu. Kazi yetu ni asikufe akingoja."

Dawa hiyo haikuwapo siku ile. Mulama alikwenda kuitafuta Kisumu na kurudi nayo ndani ya chombo cha barafu alichokikumbatia njia nzima, akikataa hata abiria wa kando asikiguse. Nikadungwa. Sijui askari wale walikuwa wa nani. Huenda wengi wao walikuwa wa wanawake, kwa vile ndio waliodungwa. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, na sasa mtu akisema sindano ya wamama sicheki.

Basi nikapelekwa chumbani. Kilikuwa mwisho wa wodi, kidogo, kitanda kimoja, dirisha limefunikwa blanketi. Mlangoni palibandikwa karatasi: USIPIGE HODI. Kwa watu wetu hilo ni neno gumu. Kwetu mtu akifika anajitangaza. Anaita hodi, anaitikiwa, anasalimu, anauliza habari za kwako, za watoto, za ng'ombe, za mvua, na mgonjwa husalimiwa kwa sauti kubwa zaidi ili apate nguvu. Kumwendea mgonjwa kimya ni kumwendea kama maiti. Na mimi nilikuwa natakiwa nipate hicho kimya, maana kila sauti ilinikunja, na kila mkunjo ungeweza kufunga kifua nisipumue tena. Ndivyo hatari yote ilivyokuwa. Sikuwa na maumivu ya kufa nayo wala homa ya kufa nayo. Ningeweza kufa kwa salamu.

Baba alikuja siku iliyofuata. Hakuisoma karatasi, au aliisoma akadhani ni ya wageni. Niliipata harufu ya ugoro kwanza, nikafurahi, na nikaogopa kabla furaha haijaisha.

"Mulembe, mwana wanje!" Amani, mwanangu, kwa sauti yake yote.

Sitaeleza sana kilichofuata. Mgongo ulijikunja, nikasikia kitu kimelia ndani yake, na pumzi ikakwama. Watu walikuja mbio. Picha zilizopigwa baadaye zilionyesha pingili za uti wa mgongo zilizobonyea, nami leo ni mfupi kuliko nilivyokuwa, suruali zangu za zamani zinaburuta chini. Daktari alisema haiwezekani kujua ni mkunjo upi uliozibonyeza, ilikuwa mingi. Lakini Baba hakuwa na daktari kichwani wakati ule. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono bado juu, akiona salamu yake ilichonifanya.

Mmbone alimsukuma kifuani.

"Mzee, toka! Sauti yako itamwua. Toka na usirudi!"

Ni lazima ujue hilo lilikuwa na uzito gani. Mke wa kwetu hamgusi baba mkwe, hata kiti alichokalia anakiepuka. Mmbone alikuwa hajawahi kumtazama Baba usoni kwa muda mrefu kuliko wa kuweka sahani mezani. Baba alishusha mkono, akatoka. Harufu ya ugoro ilibaki kidogo, ikaisha.

Siku ile ile walinitoboa koo ili mashine inisaidie kupumua. Kovu liko hapa chini ya koo langu, watoto hulitazama nikizungumza. Kuanzia hapo sikuweza kusema hata neno. Masikio yalizibwa kwa pamba, na macho muda mwingi yalikuwa yamefumba kwa zile dawa za kulegeza misuli. Kilichobaki ni pua, ingawa nayo ilikuwa na mpira wa chakula upande mmoja. Niliishi kwa pua. Sista Kerubo alikuwa spiriti na mafuta ya nazi. Mmbone alikuwa sabuni ya kipande na moshi wa kuni, akirudi jioni baada ya kukamua. Mvua ndefu zilipoanza nilijua kwa harufu ya vumbi lililolowa, na zilipokolea nilijua kwa harufu ya kumbikumbi waliokaangwa, mtu fulani wodini aliletewa.

Harufu niliyokuwa naingoja ni ya ugoro. Haikuja. Mwanzoni nilijiambia anasubiri nipate nafuu. Baadaye nikajiambia ni yale maneno ya Mmbone, kwamba mzee amekasirika, naye akikasirika hukaa nalo. Kisha nikaacha kujiambia, nikalijua tu. Baba yangu ameshindwa kunisamehe kosa la mke wangu hata katika hali hii. Liliniuma. Nililala gizani nimekunjwa na sumu ambayo haikuwa na chuki nami, nikiwa na chuki ya kutosha mwenyewe.

Palikuwa na mlango pia. Ulikuwa na bawaba zinazolia, na kila ulipofunguliwa nililipia. Siku moja uliacha. Nilisikia tu hewa ikibadilika na harufu hafifu ya mafuta ya kupikia, basi, nikajua mtu amepita. Niliwashukuru fundi wa hospitali na serikali ya kaunti.

Mmbone na ndugu zangu walikuwa na vita vyao nje. Wengine walisema mke ananificha, kwamba ni mtu gani anayefungiwa gizani asisalimiwe na watu wa damu yake. Walitaka nitolewe nipelekwe nyumbani nikaombewe kwa sauti. Mmbone alikuwa akisimama mlangoni na kuwaambia wamtoe yeye kwanza. Alikonda. Nilimwona siku moja dawa zilipopungua nguvu, mifupa ya shingo imetokeza, nikadhani ni mtu mwingine.

Kikundi nacho kilikuwa na desturi yake. Mwenzetu akilazwa, tunakwenda na ngoma, tunapiga nje ya dirisha lake mpaka atoe mkono. Tumefanya hivyo kwa wengi. Wengine walitoa mkono wakilia. Mulama aliniambia baadaye, nilipokuwa naweza kusikia, kwamba na mimi walitaka kunifanyia.

"Tulikuwa tumepanga mpaka nguo," akasema. "Mzee akakataa."

"Baba?" nikauliza kwa midomo, koo bado lilikuwa wazi.

"Alisema yule atakayepiga ngoma kwa hiyo hospitali atatafuta kikundi ingine. Alikuwa mkali, weh! Hata hakutueleza."

Unaweza kuona nilivyolipokea. Hata wenzangu amewakataza.

Sumu iliisha nguvu polepole, kama Sista alivyosema. Hakukuwa na siku niliyopona. Palikuwa na siku blanketi la dirishani lilikunjwa ncha moja, na mwanga ukaingia mwembamba juu ya ukuta, nikautazama hadi ukahama. Siku nyingine pamba zikatolewa, nikasikia ndege, nikajiandaa kukunjwa, nisikunjwe. Nilitokwa na machozi kwa ajili ya ndege wa hospitali ambaye mlio wake si mzuri. Shingo ilifunguka, kisha taya, mwisho miguu. Nilipewa uji kwa kijiko na nikautafuna, uji, kwa furaha ya kutafuna. Nilijifunza kutembea nikishika kile chuma cha wazee. Mapaja yangu yalikuwa yameisha. Koo lilipozibwa neno langu la kwanza lilikuwa "maji," na sauti iliyotoka haikuwa yangu, ilikuwa na mchanga. Hadi leo iko hivyo.

Siku ya kuruhusiwa, Sista Kerubo alikuja na sindano.

"Ya nini tena?" nikauliza. "Si nimepona?"

"Umepona, lakini mwili yako haijajifunza kitu. Hiyo sumu ni kali sana, kidogo tu inaangusha mtu, na hiyo kidogo haitoshi kufundisha askari. Wale wa kuazima nao wataisha. Ukichomwa kesho utarudi hapa." Alinipiga sindano begani. "Hii ndio shule. Ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita mbele. Usikose."

Jambo hilo lilinikera kuliko mengi. Magonjwa mengine ukiyapitia, mwili unabaki na kumbukumbu. Huu umenifupisha, umeniharibu sauti, umemkondesha mke wangu, na mwili haujui ulipigana na nani.

Nyumbani mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Baba alikuja siku ya pili. Alisimama mbali, karibu na zizi, akasalimu kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mulembe."

"Mulembe," nikajibu, na nikageukia mambo mengine.

Ile sauti ya chini niliihesabu kuwa baridi. Alikaa kidogo, akaulizia miwa, akaenda. Mmbone alimpikia ingokho, kuku wa heshima, akamwekea mezani, akapiga magoti akaomba radhi kwa kumsukuma. Baba alimwambia ainuke, hakuna radhi hapo. Alikula, akashukuru. Nilikuwepo. Nilijiambia kwamba kwa hiyo mwenye hatia amesamehewa, na mgonjwa hata hakuulizwa aliugua vipi. Katika nyumba yetu maneno mengi hupita, lakini hilo halikupata njia.

Sindano ya pili nilidungwa wakati wa palizi la mwisho. Ya tatu ilifika wakati mahindi yameshavunwa. Hapo tayari nilikuwa narudi mazoezini, napiga ngoma nikiwa nimekaa, na kikundi kilikuwa kimeamua kwamba wote wadungwe. Ni Mulama aliyeanzisha. Siku ya sindano katika zahanati yetu ni siku ya kliniki ya wajawazito, ndiyo siku chupa ya chanjo hufunguliwa. Kwa hiyo asubuhi ile benchi lilikuwa na wanawake wenye matumbo, na kati yao wanaume wa isukuti, mikono juu ya magoti, hakuna anayemtazama mwenzake. Baba alikuwa ameketi mwisho wa benchi na koti lake la mazishi.

Muuguzi wa pale alikuwa msichana mcheshi. Zamu ya Baba ilipofika akachukua kalamu.

"Mzee, mimba ya ngapi?"

Wanawake walicheka hadi wakashika matumbo. Baba alikunja mkono wa shati. "Ya kwanza," akasema. "Nilichelewa."

Mimi nilidungwa baada yake. Tulitoka pamoja, kwa sababu njia ni moja. Nje ya zahanati, siku za kliniki, hukaa mama mmoja anayeuza ndizi, karanga na ugoro wa kufunga kwenye karatasi. Sijui niseme ni kwa nini nilisimama pale. Labda kwa sababu ya kicheko. Nilinunua kifurushi cha ugoro nikampa Baba.

Alikitazama mkononi mwangu, hakukipokea.

"Niliacha," akasema.

"Uliacha ugoro? Lini?"

"Wakati ulikuwanga kwa giza."

Nilimwambia sielewi. Alitazama barabarani, akajikuna pale alipodungwa.

"Ningepiga chafya," akasema.

Nilibaki na karatasi ile mkononi. Yeye akaendelea, kwa ile sauti ya chini. Alisema alimwendea Sista Kerubo akamwomba. Alikuwa akiingia Mmbone akishaenda nyumbani kukamua, ili wasikutane, kwa sababu Mmbone alikuwa na haki. Akivua viatu kule mwanzo wa wodi akatembea miguu mitupu. Akikaa pembeni, kwenye kiti cha plastiki, mpaka aambiwe atoke.

"Siku ngapi?"

"Zote."

"Baba, zote?"

"Ile moja nilikosa, niliharisha." Akafikiri. "Hata ule mlango ni mimi nilipaka mafuta. Ulikuwa unakusumbua."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Miezi yote ile, hospitalini na nyumbani, kwa nini hakusema hata neno moja.

Alinigeukia akanishangaa, kama alivyokuwa akinishangaa nikiwa mtoto nikiuliza swali la kijinga.

"Si walisema usisemeshwe?"

Nilimweleza hapo hapo barabarani nilichokuwa nimeamini juu yake, chote, na sauti yangu ya mchanga ikakatika njiani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauchukua ule ugoro, akamrudishia mama wa karanga, na akasema tutembee, jua linakuwa kali. Tulitembea. Alikuwa upande wangu wa kushoto na hakuwa na harufu yoyote.

Kwa hiyo wewe uliyekaa kwenye kiti hicho gizani, unayejiuliza kama anajua kwamba upo: pengine hajui. Pengine anakuwazia mabaya wakati huo huo. Kaa tu.